Viungo Vilivyokufa na Kumbukumbu za Ngara na Biharamulo



Wiki chache zilizopita nilikuwa nikiandaa mhadhara kuhusu wakimbizi wa mwaka 1994 wilayani Ngara. Nilifungua tasnifu yangu ya uzamivu ili niyapitie upya marejeo yangu ya zamani, nikaanza kubofya anwani za tovuti nilizoziorodhesha mwishoni. Ya kwanza ilinijibu kwamba ukurasa haupatikani. Ya pili ilinipeleka kwenye ukurasa wa mbele wa taasisi husika, bila dalili yoyote ya ripoti niliyoitafuta. Ya tatu ilifungua tovuti ya michezo ya kubahatisha. Nilibaki na aibu. Kila mwaka nawafundisha wanafunzi kwamba dai la kihistoria lisiloweza kukaguliwa halina tofauti na uvumi, na kumbe sehemu ya madai yangu mwenyewe haiwezi tena kukaguliwa kwa njia niliyomwelekeza msomaji.

Jambo hili si langu peke yangu. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilieleza kwamba asilimia 38 ya kurasa zilizokuwapo mtandaoni mwaka 2013 hazikupatikana tena miaka kumi baadaye. Kwa upande wa Wikipedia, waligundua kwamba asilimia 54 ya kurasa walizozichunguza zilikuwa na angalau kiungo kimoja kilichokufa katika marejeo yake. Miaka kumi hivi kabla ya hapo, wanasheria wa Harvard walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba takriban nusu ya viungo vilivyotajwa katika hukumu za Mahakama Kuu ya Marekani havikumfikisha tena msomaji kwenye maelezo yaliyokusudiwa. Ikiwa mahakama ya taifa tajiri inapoteza ushahidi wake namna hiyo, tusishangae kwamba wilaya mbili za Mkoa wa Kagera zinapoteza wa kwao.

Nataka leo tuzitazame Ngara na Biharamulo kwa sababu historia yao inaonyesha, kuliko maeneo mengi ninayoyafahamu, kile kinachopotea kiungo kinapokufa. Nataka pia tuulizane namna ya kuvishughulikia viungo hivyo katika hifadhidata zinazotunzwa na jamii, yaani zile ambazo hazina mwajiri wala mhariri mkuu, bali watu wa kujitolea wanaoongeza na kusahihisha taarifa. Iliyo maarufu kwetu ni Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 2003. Humo zimo makala kuhusu wilaya na kata za nchi yetu. Nyingi ni fupi mno: jina la kata, wilaya, mkoa, idadi ya wakazi kwa mujibu wa sensa, na kiungo cha kuthibitisha idadi hiyo. Kwa kata nyingi hizo ndizo habari ambazo kijana mwenye simu atazipata kwanza, na pengine hatapata nyingine.

Tuanze na idadi hizo za watu. Sensa ya Agosti 2002 iliipa Wilaya ya Biharamulo wakazi 410,794. Sensa ya Agosti 2012 iliipa wakazi 323,486. Ngara nayo ilikuwa na 334,939 mwaka 2002 na 320,056 mwaka 2012. Msomaji asiyejua historia ya eneo hili atauliza: ni maafa gani yaliyoikumba Biharamulo hata ikapoteza watu zaidi ya 87,000 katika miaka kumi, nchi nzima ikiwa inaongezeka?

Hakuna maafa. Katikati ya miaka ya 2000 Wilaya ya Chato ilimegwa kutoka Biharamulo, na mwaka 2012 ikawa sehemu ya mkoa mpya wa Geita. Kwa hiyo Biharamulo ya 2002 na Biharamulo ya 2012 zina jina moja na mipaka miwili tofauti. Ngara ina habari yake. Mwaka 2002 ilikuwa bado inawahifadhi wakimbizi wa Burundi katika kambi ya Lukole, na kabla ya sensa ya 2012 kambi hiyo ilikuwa imekwisha kufungwa. Anayetaka kulinganisha tarakimu hizi mbili lazima ajue ni nani waliohesabiwa na ndani ya mipaka ipi, na maelezo ya namna hiyo hukaa kwenye chapisho la sensa lenyewe, katika majedwali yake ya kata na maelezo yaliyo chini ya majedwali. Tarakimu ikinyofolewa kutoka kwenye chapisho lake inabaki tupu, na tarakimu tupu ni rahisi kutumiwa na kila mwenye lake.

Sasa, matokeo ya sensa ya 2002 yaliwekwa kwenye tovuti ya taifa, na kila wilaya ikawa na ukurasa wake. Wahariri wa Wikipedia katika lugha mbalimbali walizitumia kurasa hizo kuandika makala za wilaya zetu. Baadaye tovuti ikapangwa upya, na anwani zile zikafa. Zinazosomeka leo ni nakala zilizochukuliwa mapema na Internet Archive, taasisi isiyo ya kibiashara iliyoanzishwa na Brewster Kahle huko San Francisco mwaka 1996. Ndiyo kusema kwamba ukurasa wa sensa wa Biharamulo, uliolipiwa na mlipakodi wa Tanzania, umesalimika kwa sababu mashine ya California ilipita ikaunakili kabla haujaondolewa.

Mfano wa pili ni mzito zaidi. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia Ngara ndani ya saa 24, kwa makadirio ya Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR. Wakapiga kambi mahali palipoitwa Benaco, jina la kampuni ya Kiitaliano ya ujenzi wa barabara iliyokuwa na kituo chake hapo. Zikafuata kambi za Lumasi, Musuhura, Lukole na nyinginezo. Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera mjini Ngara. Desemba 1996 Serikali yetu na UNHCR walitoa tamko la pamoja kwamba wakimbizi wote wa Rwanda wanatarajiwa kurejea kwao ifikapo tarehe 31 ya mwezi huo. Je, walirejea kwa hiari au walilazimishwa? Mashirika ya haki za binadamu na wanazuoni wamelijadili swali hilo kwa miaka mingi, na hoja nyingi zinategemea maneno halisi ya tamko lile. Anayeandika kuhusu tamko bila kumwonyesha msomaji tamko lenyewe anamtaka aamini tu.

Tena si kila aliyevuka Rusumo alikuwa mhanga. Sylvestre Gacumbitsi, aliyekuwa kiongozi wa wilaya ya Rusumo ng'ambo ya pili ya mto, alitiwa hatiani na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda mjini Arusha mwaka 2004 kwa mauaji ya kimbari, uangamizaji na ubakaji. Mwaka 2006 mahakama ya rufani ikaongeza adhabu yake kutoka miaka 30 hadi kifungo cha maisha. Mahakama hiyo ilifunga shughuli zake tarehe 31 Desemba 2015, na nyaraka zake zikarithiwa na chombo kilichoichukulia nafasi. Anwani za mtandaoni nazo zikabadilika. Katika mada hii wako wanaokanusha, wengine kwa lugha ya kitaalamu. Mkanushaji hahitaji kuchoma jalada. Humtosha kubofya kiungo cha makala, kuonyesha kwamba hakifunguki, kisha kuuliza: ushahidi uko wapi?

Jibu lipo. Hukumu ile ina namba ya kesi, ICTR-2001-64, na namba hiyo haikubadilika tovuti ilipohama. Hapa pana somo ambalo wanahistoria wa karatasi walilijua zamani. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Mwami Mwambutsa wa Urundi alilalamika mbele ya Umoja wa Mataifa akitaka arudishiwe Bugufi, eneo ambalo leo ni sehemu ya Ngara, na ambalo mgawanyo wa makoloni ya Ujerumani baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia ulikuwa umeliweka upande wa Tanganyika. Nyaraka za Baraza la Udhamini zilizoshughulikia madai ya namna hiyo zilipewa alama za kudumu. Ukiwa na alama, unaweza kuitafuta hati hiyo Geneva, New York, katika maktaba yoyote yenye mkusanyiko wa Umoja wa Mataifa, au mtandaoni popote itakapohamishiwa. Alama ni jina la hati. Anwani ya tovuti hutuambia tu ilikokuwa imelala usiku ule tulipoikuta.

Kosa letu la kizazi hiki ni kutaja malazi na kusahau jina. Mwanafunzi huniletea insha ambayo marejeo yake ni anwani tupu za herufi na namba, bila mwandishi, bila kichwa cha habari, bila tarehe. Anwani ikifa, hakuna namna ya kujua ni kitu gani kilichotajwa. Wahariri wengi wa kujitolea hufanya vivyo hivyo kwa haraka. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi daftari tunalo, ila tumeandika humo vitu tusivyoweza kuvitambua tena.

Basi mhariri wa hifadhidata ya jamii afanye nini akikuta kiungo kilichokufa katika makala ya Ngara au Biharamulo? Nimeona wengi wakikifuta, na wakati mwingine pamoja na sentensi iliyokitegemea, kwa hoja kwamba haina ushahidi. Nia ni njema, matokeo ni mabaya. Shahidi aliyehama nyumba hafutwi kwenye orodha ya mashahidi, anatafutwa. Kufuta kiungo ni kutupa kidokezo pekee cha kumtafutia. Ndiyo maana utaratibu uliozoeleka Wikipedia ni kwamba rejeo lisiondolewe kwa sababu tu kiungo chake hakifunguki.

Hatua ya kwanza ni kuweka alama kwamba kiungo kimekufa, pamoja na tarehe kilipogunduliwa. Tarehe ina maana, kwa kuwa tovuti nyingine huzimika kwa siku mbili kisha zikarudi. Hatua ya pili ni kutafuta makazi mapya ya hati ileile ndani ya tovuti ya taasisi au kwa mrithi wake. Hatua ya tatu ni kutafuta nakala katika hazina ya Internet Archive, ambayo tangu Oktoba 2001 imefunguliwa kwa umma kwa jina la Wayback Machine, na kuchagua nakala iliyo karibu zaidi na siku ambayo mwandishi wa kwanza aliusoma ukurasa. Nakala ya miaka mitano baadaye inaweza kuwa na maneno mengine. Hatua ya nne, inayorukwa mara nyingi, ni kusoma. Mhariri ahakikishe kwamba ukurasa aliouokoa unasema kile ambacho sentensi inadai. Ikiwa yote yameshindikana, rejeo libaki na jina la mwandishi, kichwa, mchapishaji na tarehe, ili mwenye nakala ya karatasi aweze kulithibitisha. Lile tu ambalo halina hata kimoja kati ya hivyo, na ambalo dai lake halithibitiki kwingine, ndilo liondolewe.

Kazi hii sehemu kubwa inafanywa na programu. Mwaka 2018 Internet Archive ilitangaza kwamba viungo zaidi ya milioni 9 vilivyokuwa vimekufa katika Wikipedia vilikuwa vimeokolewa. Ni huduma kubwa kwa wanadamu, na bado haitoshi. Programu hutambua kwa urahisi ukurasa unaojibu kwa namba 404, yaani haupatikani. Hupata shida na ukurasa unaokupeleka mlangoni mwa taasisi kana kwamba kila kitu ni salama, na hupata shida zaidi na anwani iliyonunuliwa na mfanyabiashara wa kamari. Hapo panahitajika mtu anayelijua eneo.

Mtu huyo anahitajika pia kwa sababu majina yetu hubadilika. Mkoa huu uliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979 ulipoitwa Kagera baada ya vita na Idi Amin. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa yakawa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato. Mradi wa nikeli wa Kabanga, Ngara, umepitia mikononi mwa Sutton Resources, Barrick, Xstrata na Glencore, na Januari 2021 Serikali ikatia saini mkataba na Kabanga Nickel ulioizaa kampuni ya Tembo Nickel, ambayo Serikali ina hisa za asilimia 16. Jina la Xstrata lilimezwa na Glencore mwaka 2013. Mtafiti wa leo anayetaka kujua wananchi wa Kabanga waliahidiwa nini miaka ya nyuma lazima ajue ni kampuni gani ilikuwapo mwaka gani, la sivyo atatafuta ahadi ya marehemu kwenye tovuti ya mrithi, asiione, na kuhitimisha kwamba haikutolewa. Kwa mkulima anayesubiri fidia, hilo si suala la kitaaluma.

Hapa nawageukia ndugu zangu watumishi wa umma. Mwaka 2017 mikoa na halmashauri zetu zilipata tovuti zenye mfumo mmoja, Ngara na Biharamulo zikiwamo. Ilikuwa hatua njema. Lakini tovuti tumeizoea kama ubao wa matangazo: tangazo jipya likija, la zamani linabanduliwa. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Na. 3 ya mwaka 2002, haitazami hivyo. Kwake kumbukumbu ni taarifa iliyorekodiwa bila kujali umbo lake wala chombo kilichoibeba. Bajeti ya halmashauri iliyowekwa mtandaoni ni kumbukumbu sawa na ile iliyo kwenye jalada la masijala. Hakuna karani wa masijala anayethubutu kutupa majalada kwa sababu ofisi imenunua kabati jipya. Mbona tovuti ikibadilishwa tunafanya hivyo bila kushtuka?

Tim Berners-Lee, aliyebuni mfumo wa kurasa za mtandao, aliandika mwaka 1998 kwamba anwani nzuri haibadiliki, na kwamba zinazobadilika hubadilishwa na watu kwa kukosa mpango. Dawa yake ni nyepesi na haina gharama kubwa: mfumo mpya ukija, anwani za zamani zielekezwe kwenye kurasa mpya, kila hati ipewe namba na tarehe, na nakala ikabidhiwe kwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa.

Najua kuna watakaosema: kwa nini tuhangaike, ikiwa San Francisco wanatutunzia? Oktoba 2024 Internet Archive ilivamiwa na wadukuzi, na kwa siku kadhaa hazina yake haikufunguka. Februari 2025 tovuti ya shirika la misaada la Marekani, USAID, ilizimwa kwa uamuzi wa kisiasa wa huko kwao, na pamoja nayo njia ya kuzifikia ripoti nyingi za miradi ya Afrika ikakatika. Shirika hilohilo lilikuwa limefadhili mradi uliosaidia kujenga tovuti za halmashauri zetu. Siwalaumu waliotusaidia. Nasema tu kwamba anayetunziwa kumbukumbu na jirani hapaswi kushangaa jirani akihama.

Kwa upande wangu nimeanza na deni langu. Nimeipitia tasnifu yangu rejeo kwa rejeo. Kwa kila kiungo kilichokufa nimeandika jina kamili la hati, mchapishaji na tarehe, kisha nimetafuta nakala. Nyingi nimezipata. Chache sikuzipata popote, na mawili kati ya madai yaliyozitegemea nimeyaondoa katika mihadhara yangu mpaka nitakapopata hati nyingine. Wanafunzi wa mwaka wa pili nimewapa zoezi la muhula: kila mmoja achukue makala ya kata moja ya Ngara au Biharamulo, akague marejeo yake kwa hatua nilizozieleza, na arekebishe yaliyoharibika. Sitawapa alama kwa wingi wa viungo watakavyofufua. Nitamwita kila mmoja ofisini na kumuuliza ukurasa aliouokoa unasema nini, na kwa nini anaamini kwamba ni uleule.